Barua ya Wazi kuhusu Vyombo vya Mkataba: Anayelipa Bima Awe na Haki ya Fidia

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA)

Waheshimiwa,

Katika vijiwe vya madereva wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya, neno mkataba limebeba maana yake mahususi, nayo ni mpango ambao kijana asiye na mtaji hukabidhiwa pikipiki, bajaji au gari dogo la teksi na mtu au kampuni iliyokinunua chombo hicho, akalipa kiasi kilichopangwa kila siku au kila wiki, na mwisho wa muda waliokubaliana, kama hakukwama njiani, chombo kikawa chake. Kiasi hicho cha kila siku huitwa hesabu. Mwenye chombo huitwa tajiri au bosi. Na dereva anayeshika chombo kwa siku moja moja, mwenyewe anapougua au kuchoka, huitwa deiwaka. Barua hii inahusu mpango huo pamoja na bima inayoambatana nao, na hoja yake ni moja: katika mikataba mingi ya namna hii kijana hubebeshwa mizigo yote ya mwenye mali, yaani bima, matengenezo, faini na hatari ya wizi, huku haki za mwenye mali, yaani kadi ya usajili, hati ya bima na fidia, zikibaki mikononi mwa mtu mwingine.

Haki itendeke kwanza kwa mpango wenyewe, kwa kuwa mkataba umefungua mlango ambao benki ziliufunga. Kijana wa miaka 22 asiye na hati ya kiwanja, asiye na mshahara unaopita benki, na ambaye wadhamini wake ni shangazi na mwenyekiti wa mtaa, hakuwa na njia nyingine ya kupata chombo cha thamani ya mamilioni ya shilingi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya mikopo, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, hutolewa kwa vikundi, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na haijawahi kutosha kwa wote wanaoihitaji. Kwa hiyo anayependekeza kwamba mikataba hii ipigwe marufuku anawapendekezea vijana warudi kukaa barazani. Kinachoombwa hapa ni tofauti: mkataba ubaki, lakini uwe na sura ya haki.

Ugumu wa kwanza ni kwamba sheria haimjui vizuri kijana huyu ni nani. Anayeendesha chombo cha tajiri, akapeleka hesabu jioni na kurudisha ufunguo, anafanana na kibarua, ingawa tajiri mwenyewe hukataa kwamba amemwajiri. Anayekopeshwa fedha akanunua chombo kwa jina lake, kisha akakiweka dhamana, ni mkopaji. Yule wa mkataba yuko katikati ya hawa wawili, na jina la kitaalamu linalomkaribia zaidi ni karadha, yaani utaratibu ambao mwenye fedha hununua kifaa anachokihitaji mtu mwingine, akakibakiza katika umiliki wake, na kumwachia huyo mwingine akitumie kwa malipo ya vipindi hadi muda uishe. Tanzania ilitunga sheria ya karadha mwaka 2008, na kampuni za karadha ziko chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Vilevile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na daraja la pili likawekewa wakopeshaji wasiopokea amana. Hata hivyo tajiri mwenye bajaji tano za mkataba hajiiti kampuni ya karadha wala mkopeshaji, bali husema kwamba anakodisha chombo chake, na kwa neno hilo moja huwa amejitoa katika kanuni za mikopo ambazo zingemlazimisha kueleza gharama. Kijana naye, akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, haumgusi, kwa sababu hakuna anayekubali kuitwa mwajiri wake.

Gharama hiyo isiyoelezwa inafaa itazamwe kwa karibu, kwa mfano wa tarakimu uliotungwa kwa ajili ya ufafanuzi tu. Bajaji inauzwa dukani kwa shilingi 9,000,000. Kijana anatoa kianzio cha shilingi 1,000,000, na anakubali hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa miezi 20. Miezi hiyo ina siku za hesabu zipatazo 516, ambazo zinafanya jumla ya shilingi 12,900,000, na ukiongeza kianzio bajaji ile inakuwa imemgharimu shilingi 13,900,000. Tofauti ya shilingi 4,900,000 ndiyo bei ya kukopeshwa, ijapokuwa neno riba halimo popote katika karatasi aliyotia saini. Mwenye chombo akiulizwa, anaweza kugawanya tofauti hiyo kwa mkopo wa shilingi 8,000,000 na kwa miezi 20, akajibu kwamba ni kama asilimia 3 tu kwa mwezi, na jibu hilo litasikika la kiungwana. Lakini hesabu hiyo imefanywa kana kwamba kijana anashikilia zile milioni 8 hadi siku ya mwisho, ilhali kila jioni amekuwa akizirejesha. Riba ikikokotolewa juu ya deni linalobaki, kama inavyopasa, kiwango chake ni takribani asilimia 5 kwa mwezi. Mtu aliyemaliza kidato cha nne hashindwi kuelewa jambo hili akielezwa, na kwa kawaida haelezwi.

Tena siku 516 za karatasi haziwi siku 516 za barabara. Kijana anaugua malaria, anafiwa na kwenda mazishini mkoani, chombo kinalala gereji siku tatu kikisubiri kipuri, mvua za masika zinafunga barabara ya Jangwani jijini Dar es Salaam na abiria hawapatikani. Mkataba hauzihesabu siku hizo kuwa mapumziko, unazihesabu kuwa deni. Vyombo vingi vya kampuni sasa vina kifaa kilichofichwa ambacho huonyesha mahali chombo kilipo na kinaweza kuizima injini kutoka mbali. Asubuhi ya siku ambayo malimbikizo yamefikia kiwango kilichowekwa, dereva hubonyeza starta saa kumi na moja alfajiri, akiwahi wanafunzi anaowapeleka shule kwa malipo ya mwezi, na injini haiitikii. Ujumbe ulioingia simuni unamtaka alipe kwanza. Hapo hana chombo cha kumtafutia fedha anayodaiwa, na siku inayopita bila kazi inaongeza deni lile lile lililosababisha azimiwe. Ndipo wengi wanapokimbilia mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu, jina lililotolewa na wakopaji wenyewe, au programu za simu zinazotoa fedha kwa dakika chache na kudai kwa kuwatumia ujumbe jamaa wa mkopaji. Benki Kuu inalijua tatizo la programu hizo, kwani Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni na kuyazuia. Kinachohitaji kuonekana ni kwamba sehemu ya wateja wa majukwaa hayo husukumwa huko na hesabu ya jioni.

Hata hivyo hesabu, kwa ukali wake wote, angalau inajulikana, kwa kuwa kijana anaijua tarakimu yake tangu siku ya kwanza. Bima ndiyo inayomjia kwa mlango wa nyuma, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii kuandikwa.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kutumika barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ambayo wananchi huiita bima ndogo. Mtu wa kwanza katika lugha ya bima ni aliyekata bima, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni mtu mwingine yeyote anayeumizwa au kuharibiwa mali na chombo hicho. Bima kubwa hufidia pia chombo chenyewe kikigongwa, kikiungua au kikiibwa. Kwa gari binafsi, bima ndogo ya mwaka imekuwa shilingi 118,000, yaani ada ya 100,000 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ilhali bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, ikianzia asilimia 3.5. Gari la shilingi 15,000,000 kwa kiwango hicho lingelipiwa shilingi 525,000, na pamoja na kodi shilingi 619,500. Na gari hilo hilo likitumika kubeba abiria kwa biashara, ada yake hupanda, kwa sababu liko barabarani kutwa nzima na watu wengi wamo ndani yake.

Si kosa la mwenye fedha kudai bima kubwa, kwani chombo ndicho dhamana yake pekee. Tatizo liko katika namna mzigo unavyogawanywa. Ada ya bima hulipwa kabla ya kinga kuanza, na kwa kuwa kijana hana laki kadhaa za kutoa kwa mkupuo, mwenye chombo hulipa yeye, kisha huiingiza ada hiyo katika deni, ambalo linazaa riba kama sehemu nyingine zote; kwa maneno mengine, kijana hukopeshwa bima ya kulinda mali ya aliyemkopesha. Bima hiyo hukatwa kwa jina la mwenye kadi. Hati yake, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza ingawa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama za nchi hii, hukaa ofisini kwa mwenye chombo. Dereva anabaki na namba ya usajili tu, anayoweza kuitumia kwa simu kuthibitisha kwamba bima ipo na haijaisha, huduma ambayo TIRA inastahili kushukuriwa kwayo, lakini haimwambii ni hasara zipi zinazofidiwa, kwa kiasi gani, wala nani atakayelipwa.

Katika mfano ule ule wa bajaji, ichukuliwe kwamba chombo kinaibwa mwisho wa mwezi wa 15. Hadi hapo kijana ametoa kianzio cha shilingi 1,000,000 na hesabu ya miezi 15, ambayo ni shilingi 9,675,000, kwa hiyo ameshalipa shilingi 10,675,000, zaidi ya bei ya bajaji mpya dukani. Kilichobaki ni hesabu ya miezi mitano, shilingi 3,225,000. Kampuni ya bima, baada ya kutoa uchakavu, yaani thamani iliyopungua kwa matumizi, na kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe, inalipa tuseme shilingi 6,000,000. Fedha hiyo inakwenda kwa mwenye kadi. Ikilipa deni lote lililosalia, inabaki shilingi 2,775,000, na swali ni moja tu: hii ni fedha ya nani? Kwa akili ya kawaida ni ya kijana, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa ada ya bima na yeye ndiye aliyekwishanunua sehemu kubwa ya bajaji ile. Mikataba mingi ya kijiweni haisemi lolote, na pale karatasi inaponyamaza, fedha hukaa mfukoni ilipoingia. Wengine huandika kabisa kwamba chombo kikiibwa dereva ataendelea kulipa hesabu hadi mwisho, kana kwamba bima haikuwepo, na hapo mwenye chombo hulipwa mara mbili kwa hasara moja, jambo linalopingana na msingi wenyewe wa bima, kwamba fidia humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara na haimtajirishi.

Lile fungu ambalo mwenye bima hujibebea, ambalo mawakala huliita eksesi, linahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndipo ujana unapotozwa. Katika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, dereva kijana huambiwa mapema kwamba ada yake ni kubwa kwa sababu ya umri wake. Mwaka 2011 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilizuia kampuni za bima kutofautisha ada kwa jinsia, kuanzia tarehe 21 Desemba 2012, lakini umri ukaachwa uendelee kutumika. Katika Afrika Mashariki ada ya bima kubwa hutazama zaidi thamani na matumizi ya chombo, hivyo kijana huona analipa sawa na mtu mzima na kuridhika. Kumbe hati nyingi zina kifungu kinachoongeza eksesi pale chombo kilipokuwa kikiendeshwa na mtu wa umri mdogo au mwenye leseni changa, na kifungu hicho humfikia siku ya ajali, wakati ameketi ng'ambo ya meza ya mthamini wa hasara akisikia kwa mara ya kwanza kwamba fidia imekatwa kwa sababu ya miaka yake. Hakuna ubaya kwa kampuni ya bima kupima hatari kwa umri, maana takwimu za ajali duniani kote zinawaonyesha madereva wapya katika hatari kubwa zaidi. Ubaya ni kumficha anayelipa.

Kuna pia dereva mwenyewe, mwili wake. Bima ndogo inamlinda mtembea kwa miguu aliyegongwa na chombo, na haimlindi aliyekuwa ameshika usukani, kwa sababu yeye si mtu wa tatu. Bima kubwa nayo inalinda bodi na injini, na hata pale inapokuwa na nyongeza kwa ajili ya majeraha ya dereva, nyongeza hiyo huwa ndogo au hukatwa ili kupunguza ada. Taasisi ya Mifupa Muhimbili inawajua vijana hawa vizuri: mguu umefungwa vyuma, chombo kimekwisha kurudi barabarani chini ya dereva mwingine, na mkataba umevunjika kwa sababu hesabu haikupelekwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta tumaini, na utekelezaji wake ukimfikia mtu wa sekta isiyo rasmi utakuwa umemwondolea mama wa kijana huyo kuuza mbuzi ili kulipia vyuma. Lakini bima ya afya hutibu mguu, na hesabu ya miezi mitatu ya kitandani inabaki pale pale.

Yapo mapokeo jirani yenye jibu la zamani kwa suala hili. Katika fikra ya fedha ya Kiislamu, inayofahamika vyema Zanzibar, Tanga na Mombasa, ijara ni kukodisha mali kwa malipo, na kanuni yake ni kwamba mwenye mali hawezi kupokea kodi huku akimsukumia mpangaji hatari za umiliki: matengenezo makubwa na bima, au takafuli kama inavyoitwa katika mfumo huo, ni juu ya mwenye mali, kwa kuwa kodi inahalalika kwa kubeba hatari hiyo. Si lazima mtu awe Mwislamu ili kuona mantiki yake. Anayetaka kubaki mmiliki abebe gharama za umiliki, na anayetaka kumbebesha mwenzake gharama hizo amhesabu kuwa mmiliki kwa kadiri ya alicholipa.

Sheria za nchi nyingine zimeliona jambo hilo kwa upande wa kunyang'anywa. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi kwa Malipo ya Awamu, Sura ya 507, inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kukichukua kitu kwa nguvu zake mwenyewe, bali aende mahakamani. Uingereza, kwa Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya mwaka 1974, kizingiti hicho ni theluthi moja. Katika mfano wa bajaji, kizingiti cha Kenya kingefikiwa katika mwezi wa 13 na cha Uingereza katika mwezi wa 6. Hapa nchini kijana wa mwezi wa 19 anaweza kukuta bajaji imebebwa na watu wa yadi, yaani eneo ambalo vyombo vilivyokamatwa huwekwa, kwa sababu ya malimbikizo ya wiki mbili, na ndani ya siku chache ikakabidhiwa kwa kijana mwingine kwa kianzio kipya na hesabu mpya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 74, inataka adhabu ya kuvunja mkataba iwe fidia ya kiasi cha haki, na kunyang'anya mali iliyolipiwa miezi 19 kwa deni la siku 12 ni vigumu kuiita ya haki. Ila kijana hana wakili, na tajiri analijua hilo.

Wenye vyombo wana hoja zao, na zisidharauliwe. Wapo madereva waliotoroka na pikipiki hadi mikoa ya mpakani na kuziuza vipuri. Wapo wanaoficha mapato, wanaoendesha chombo bila kubadilisha oili hadi injini ikanoki, wanaokiacha kwa deiwaka asiye na leseni na kuibatilisha bima kwa kitendo hicho. Tajiri mwingine si tajiri kwa lolote, ni mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake katika bajaji mbili, na zikipotea amepotea nazo. Ndiyo maana pendekezo la barua hii halimwondolei mwenye chombo ulinzi wake. Anayepoteza chombo alipwe na bima deni lake lote kwanza, hadi shilingi ya mwisho. Kinachobaki kiende kwa aliyelipa ada. Hakuna mwekezaji mwaminifu atakayeumizwa na mpangilio huo, na yule atakayesema kwamba biashara yake haiwezi kusimama bila kulipwa mara mbili atakuwa ameieleza biashara yake vizuri kuliko barua hii.

Kwa hiyo Benki Kuu inaombwa itamke kwamba mpango wowote ambao mtu hutumia chombo cha mwingine kwa malipo ya vipindi na kukimiliki mwishoni ni huduma ya mkopo, hata ukiitwa kukodisha, na kwamba Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 ziufikie kwa kiwango kinachoendana na ukubwa wa mtoaji, ili mwalimu mstaafu asitakiwe makaratasi ya kampuni yenye vyombo 5,000. Hata yeye anaweza kujaza ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja bei ya chombo dukani, jumla itakayolipwa, tofauti ya hizo mbili, ada ya bima na anayeilipa, na siku za maradhi au matengenezo zisizohesabiwa. Ukurasa huo ukiambatana na kizuizi cha kukamata chombo bila amri ya mahakama au ya msuluhishi baada ya theluthi mbili kulipwa, na cha kuzima injini bila taarifa ya saa 48, sehemu kubwa ya maumivu yaliyoelezwa itapungua bila shilingi ya serikali kutumika.

Kamishna wa Bima anaombwa jambo lililo dogo zaidi kimaandishi na kubwa zaidi kwa matokeo, yaani kwamba hati ya bima ya chombo cha mkataba itaje majina mawili, la mwenye kadi na la dereva anayelipia, pamoja na mpangilio wa nani alipwe kwanza na nani apokee salio. Kwamba nakala ya Kiswahili apewe dereva, yenye eksesi ya umri ikiwa imeandikwa kwa tarakimu. Na kwamba kinga ya majeraha ya dereva wa chombo cha abiria isiwe nyongeza ya hiari. Kwa kuwa dereva atakuwa ametajwa katika hati, ataweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa jina lake, badala ya kuomba mwenye kadi amsemee dhidi ya maslahi ya mwenye kadi mwenyewe.

LATRA imekwisha kuonyesha kwamba mdhibiti anaweza kuingia katika mgawanyo wa fedha kati ya mwenye mtaji na mwenye usukani. Mwaka 2022 ilipunguza kamisheni ambayo kampuni za teksi za mtandaoni huwakata madereva hadi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwezi wa Aprili, kisha kiwango kikarekebishwa hadi asilimia 25 na kampuni ikarejea mwaka 2023. Wapo wanaolichukulia tukio hilo kuwa ni kushindwa kwa mdhibiti. Tafsiri ya haki zaidi ni kwamba pande mbili zilisukumana hadi zikapata tarakimu ambayo kila upande uliweza kuishi nayo, na hilo lisingetokea kama mamlaka isingetamka la kwanza. Leseni ya usafirishaji wa abiria kwa chombo cha mkataba ikifungamanishwa na ukurasa ule wa gharama na hati ile ya majina mawili, hakuna mwenye chombo atakayevikwepa, kwa kuwa bila leseni chombo hakitoki kijiweni.

Hadi hatua hizo zitakapochukuliwa, kijana anayekaribia kutia saini anashauriwa adai nakala ya mkataba na ya hati ya bima kabla ya kutoa kianzio, azidishe hesabu kwa siku mbele ya mtu anayemwamini, na aulize kwa sauti, mashahidi wakiwepo: chombo hiki kikiibwa, fedha ya bima italipwa kwa nani, na mimi nitadaiwa nini? Jibu liandikwe katika karatasi ile ile.

Waheshimiwa, leo, kati ya saa mbili na saa nne usiku, hesabu itapelekwa katika kila mji wa nchi hii, kwa simu au mkono kwa mkono, na ndani yake imo ada ya bima ambayo anayeilipa hajawahi kuiona hati yake. Waraka mmoja wa pamoja wa ofisi hizi tatu unatosha kumwonyesha. Inaombwa utolewe.